Tahadhari: mikuo ya risasi ya "namba 2" iliyochanganyika na zinki

Ninawaandikia ndugu wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Marekani, hasa sisi wa Idaho na majimbo jirani, ambao tunajisubia (yaani tunayeyusha madini na kuyamimina yagande kwa umbo) vichwa vya risasi na kujaza maganda ya rivolva kubwa kama .44 Magnum na .45 Colt kwa matumizi yetu wenyewe, jambo ambalo sheria ya shirikisho ya hapa haidai leseni. Aliyeko Kenya au Tanzania asilichukue andiko hili kama ruhusa, kwa kuwa huko kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Na kwa sababu lugha yetu imeyapa jina moja madini na kile kinachotoka kwenye mtutu, hapa chini nitasema "risasi" kwa madini na "kichwa" kwa kile kinachosubiwa.

Mwezi uliopita nilinunua kwa njia ya mtandao mikuo, yaani vipande vya madini yaliyoyeyushwa na kugandishwa, ya ratili 60 au kilo 27 hivi, iliyotangazwa kuwa aloi (mchanganyiko wa metali) namba 2. Wanaosubu wanajua kwamba aloi hiyo ni risasi asilimia 90, bati asilimia 5 na antimoni asilimia 5. Muuzaji alisisitiza jambo moja tu, kwamba mali yake ni ngumu, na aliweka hata picha ya kipimo cha ugumu. Sitamtaja, kwa kuwa jina la akaunti yake limeshabadilika mara mbili tangu nilipomlipa.

Niliyeyusha mikuo 6 kwenye chungu cha umeme, nikapasha kalibu, yaani chombo kinachokipa kichwa umbo, kama kawaida, na vichwa 20 vya kwanza vikatoka na makunyanzi kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Mwanzoni nilidhani kalibu haijapata moto, kosa ambalo kila mtu amewahi kulifanya, nikaongeza joto, lakini juu ya chungu pakaanza kutanda uji mzito wa kijivu ambao haukupungua hata nilipotia nta ya kusafishia madini yaliyoyeyuka na kukoroga. Kalibu hiyo hunipa vichwa vya gramu 16 vinavyotofautiana kidogo mno. Siku hiyo vilipishana kwa zaidi ya nusu gramu, na kingo za kitako zilikuwa za mviringo badala ya kuwa kali. Kitako cha namna hiyo hupitisha gesi ya baruti pembeni, gesi ikayeyusha risasi na kuipaka ndani ya mtutu, nawe ukamaliza jioni nzima ukisugua kwa brashi ya shaba.

Nilidondosha tone la asidi ya hidrokloriki, ile inayouzwa madukani kwa kusafishia saruji, juu ya mikuo mitatu, na yote ikatoa povu. Kwenye risasi safi tone hilo hutulia. Kipimo hiki si cha kuaminiwa peke yake, kwani mkuo wenye zinki kidogo unaweza kukaa kimya, kwa hiyo nikaipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu wenye kifaa cha eksirei kinachosoma aina za metali. Zinki ilikuwa karibu asilimia 2, na bati halikuonekana kabisa.

Zinki iliingiaje? Vizito vinavyobanwa kwenye rimu ili kusawazisha magurudumu vilikuwa vya risasi kwa miaka mingi, lakini Ulaya ilivipiga marufuku mwaka 2005 na California mwaka 2010, na tangu hapo ndoo ya vizito vikuukuu huwa imechanganyika risasi, chuma na zinki. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na zinki kwenye nyuzi 419 hivi, kwa hiyo mtu mwenye kipimajoto akibaki chini ya nyuzi 400 huviona vizito vya zinki vikielea, akaviokota. Huyu bila shaka aliwasha jiko la gesi hadi mwisho na kuyeyusha kila kitu pamoja. Kuhusu bati sina haja ya kukisia sana: kwa kilo moja, bei yake huzidi ile ya risasi zaidi ya mara 10, na katika mzigo wangu lilitakiwa liwemo kilo 1.35.

Hapo ndipo tangazo lake linapopotosha. Namba ya ugumu haikwambii kilichomo ndani, na wala ugumu si jambo la kwanza la kutafuta. Elmer Keith, mkazi wa Idaho hii hii ambaye majaribio yake yalichangia kuzaliwa kwa .44 Magnum mwaka 1955, alipenda mchanganyiko wa sehemu 1 ya bati kwa 16 za risasi, ambao ni laini kuliko namba 2. Kinachotangulia ni kipenyo: kwenye mtutu wa .44 wenye inchi 0.429, kichwa cha 0.430 kinachopita kwa kusukumwa kidogo katika matundu ya silinda kitafanya kazi vizuri kuliko kichwa kigumu kama jiwe kilicho chembamba.

Nilipomdai fedha, muuzaji alijitetea kwamba mikuo mingine ilitokana na betri za magari. Jibu hilo lilinitisha kuliko zinki. Betri za siku hizi zina kalsiamu pamoja na antimoni au aseniki, na takataka zinazoenguliwa juu ya chungu chake zikikutana na unyevu zinaweza kutoa gesi za stibini na arsini, ambazo ni sumu kali.

Fedha sijarudishiwa. Alikuwa ameomba nilipe kwa njia ya kutumiana kati ya marafiki, ambayo haina ulinzi wa mnunuzi, nami nikakubali ili nipunguziwe dola 8. Ujinga huo ni wangu. Alikuwa pia amekataa kuniuzia ratili moja ya kujaribia, na picha zake zote zilionyesha upande wa chini wa mikuo, uliolala kwenye kikaango na kutoka laini, wala si ule wa juu wenye mabaka.

Mikuo yenyewe ina umbo la keki ndogo za kikombe, na karibu kila mmoja una kovu la nusu mwezi pembeni, lililotokana na kikaango kilichobonyea. Juzi nimeiona tena ikiuzwa kama "risasi laini ya mabomba". Aliyekwisha kuinunua asiiyeyushe; na kama ameshaiyeyusha, asimwagie maji takataka zake, bali azifunge zikiwa kavu kwenye kopo la bati na kuzipeleka kituo cha kaunti kinachopokea taka za sumu za majumbani. Mimi yangu nilipeleka Jumamosi.