Methadoni au nyumba ya nafuu: ipi salama zaidi kwa mraibu wa heroini anayewaza kujiua?

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, mwaka 2011. Kwa kawaida mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu kila siku, arosto (maumivu ya kukosa unga, yaani heroini) inatulia, na nyumbani hakuna akiba ya dawa ya kujidhuru nayo. Kule kuonwa kila siku ndiko kukubwa: aliyenyong'onyea hutambuliwa mapema na kuulizwa waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo kichwani. Kasoro zipo. Wiki za mwanzo zina hatari, kwa hiyo dozi hupandishwa polepole, na aliyekosa siku tatu mfululizo hupimwa upya kabla ya kurudishiwa dozi yake. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu anaweza kurudiwa na arosto, maana dawa hiyo huharakisha methadoni kuisha mwilini. Amwambie daktari, asijiongezee unga mtaani.

Nyumba ya nafuu, yaani makazi ya walioamua kuacha unga kabisa, kama zile za Zanzibar, humtoa mtu kijiweni na kumweka na wenzake waliopitia hali ileile. Tatizo ni siku ya kutoka. Mwili umeshausahau unga. Kiasi alichokizoea zamani sasa kinaweza kumuua, na mara nyingi familia haitajua kama alikusudia. Akiteleza akarudi na aibu, asiachwe peke yake.

Kwa mwenye mawazo ya kujiua tungeanza na methadoni, pamoja na matibabu ya sonona. Akitaja mpango, apelekwe hospitali siku hiyohiyo akiwa na mtu, na dawa zote za nyumbani ziondolewe.