Twin Oaks, Virginia: maisha bila mshahara, kwa saa 42 kwa wiki

Wengi wanaowaza jamii isiyo na fedha, ambamo vitu ni vya wote na kila mtu huchukua anachohitaji, huanzia kwenye mitambo itakayotufanyia kazi zote. Twin Oaks walianzia kwenye karatasi ya zamu. Jamii hii iko Marekani, katika kaunti ya Louisa ya jimbo la Virginia, kati ya miji ya Richmond na Charlottesville. Iliasisiwa Juni 1967, miezi michache tu baada ya Azimio la Arusha, na kwa miaka mingi imekuwa na wakazi karibu 100 pamoja na watoto wao. Tathmini hii ni ya kumfaa anayetaka kwenda kuiona, au anayetaka kuiga kipande chake kwao.

Kwanza, fedha zipo. Zinaishia getini. Jamii inauza tofu (chakula kinachofanana na jibini, cha maziwa ya soya), kwa miaka mingi imesuka na kuuza vitanda vya kamba vya kuning'inia, na imefanya kazi ya kutengeneza faharasa za vitabu. Mapato yote yanaingia hazina moja, na hazina ndiyo inayolipa chakula, umeme, matibabu na mafuta ya magari. Mwanachama hapewi mshahara. Anapewa chumba chake, chakula, nguo akitaka, na posho ya mwezi ambayo miaka ya karibuni imekuwa kama dola 100, kwa mambo ya binafsi kama sigara, bia ya dukani au zawadi. Mali aliyokuja nayo haichukuliwi, ila inawekwa kando, haruhusiwi kuitumia muda wote akiwa mwanachama. Mwenye madeni hutakiwa kuyamaliza au kuyapangia utaratibu kabla ya kujiunga, na watu wengi hukwama hapo.

Ndani, kinachohesabiwa ni saa. Kiwango ni kama saa 42 kwa wiki, na humo zimo kazi ambazo kwingine hazilipwi kabisa: kupika, kulea watoto, kufagia, kwenda kwa daktari, kukata kuni. Ukiugua, saa za ugonjwa zinahesabiwa. Ukizidisha, ziada inakuwa likizo yako. Ukishavuka miaka 50, kiwango kinaanza kupungua kidogo kidogo kila mwaka. Kwa upande huu sijui mwajiri wa kawaida anayeweza kushindana nao. Mama anayenyonyesha na fundi anayebadilisha breki za gari wote wanaandika saa kwenye karatasi ileile.

Utaratibu wenyewe ni wa wiki kwa wiki. Unapewa karatasi, unajaza siku ambazo hutakuwepo na kazi unazozipenda, wasimamizi wa idara wanaingiza zamu zisizoweza kuachwa (kukamua ng'ombe, kupika chakula cha jioni, kiwanda cha tofu), kisha mpangaji wa kazi anaziba mapengo. Zinazobaki unazifanya saa utakayo. Hakuna anayependa kuosha vyombo vya jikoni kuu, kwa hiyo kazi hiyo hugawanywa kwa wote, zamu moja kwa wiki. Mwanzoni walijaribu njia nyingine: kazi inayochukiwa ilipewa alama nyingi, inayopendwa alama chache, wazo walilolitoa kwenye riwaya ya mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner, *Walden Two*. Waliiacha. Ladha za watu hazifanani, na mfumo uligeuka kuwa mnada usiokwisha. Sasa saa moja ni saa moja, iwe ya kusafisha choo au ya kutunza vitabu vya hesabu.

Udhaifu uko wapi? Saa unajiandikia mwenyewe. Hakuna mnyapara. Mwepesi na mzembe wanapata saa zilezile, na anayebaki nyuma anajikuta kwenye deni la saa linalorefuka. Likizidi, linakuwa suala la jamii nzima, na hapo ndipo vikao vinapokuwa vigumu. Vijiji vyetu vya ujamaa vilikutana na tatizo hilihili kwenye shamba la pamoja. Tofauti kubwa ni kwamba Twin Oaks hakuna aliyehamishwa kwa lori, na anayechoka anaondoka. Wanaondoka wengi kweli, na kwa kuwa hakuna mwenye hisa, aliyekuja mikono mitupu hatarajii kiinua mgongo cha maana.

Upande wa vitu vya pamoja, nguo ndizo zinazofanya kazi vizuri kuliko vyote. Kuna ghala la nguo kama maktaba: unachagua, unavaa, unairudisha kwenye kapu la kufuliwa, inafuliwa na kutundikwa tena. Baiskeli nazo ni za wote, na kama ilivyo kwa kila baiskeli ya wote, pancha ni nyingi kuliko watu wa kuziba. Magari yanahitaji nidhamu zaidi: unaandika ombi mapema, safari zinaunganishwa, na mtu mmoja anakwenda mjini na orodha ya mahitaji ya wengine. Anayetaka kuondoka ghafla saa mbili usiku ataona ugumu wake.

Usitegemee neema isiyo na mipaka. Chakula hakiwi shida, kwa sababu kuna bustani kubwa na ng'ombe. Kinachobana ni vyumba na muda. Hata kuzaa mtoto kunaombewa idhini, kwa sababu mtoto mmoja anakula saa nyingi za watu wengi kwa miaka. Biashara nazo zina hatari zake: kampuni ya Pier 1, iliyokuwa mnunuzi wao mkuu wa vitanda vya kamba, ilisitisha ununuzi mwaka 2004, na moto wa msitu wa Machi 2024 uliteketeza ghala na karakana za biashara hiyo.

Anayefikiria kuanzisha kitu kama hiki Marekani asome pia upande wa kodi. Twin Oaks wamesajiliwa chini ya kifungu 501(d) cha sheria ya kodi ya Marekani, cha jumuiya zenye hazina moja. Mamlaka ya kodi ilipinga, wakashinda mahakamani mwaka 1986. Mapato yanagawanywa kwenye vitabu kwa kila mwanachama, na wengi wana kipato kidogo mno kiasi kwamba kodi inakuwa ndogo.

Kwa mgeni, ziara ya Jumamosi ya muda wa saa tatu hivi inatosha kuona majengo, lakini mfumo hauonekani kwa kutembezwa. Programu ya wiki tatu ndiyo ya kuomba. Utajaziwa karatasi kama mwenyeji na kufanya kazi kama mwenyeji. Beba viatu vya shambani vinavyoziba maji na tochi, kwa sababu njia za usiku hazina taa. Omba zamu moja ya tofu, yenye mvuke, joto na sakafu ya majimaji, kabla hujaamua kama unataka kuomba uanachama.