Taishokoto ya Kununua: Ipi Ishike Nafasi ya Kwanza, na Ipi Uiache Sebuleni kwa Mwenzio

Anayetaka kununua taishokoto, ala ya Kijapani ya nyuzi na vitufe, siku hizi hana duka la kuingia akazikuta tano zimepangwa rafuni, akazipiga moja baada ya nyingine, kisha akachagua. Atanunua kwa kutazama picha, kutoka kwa muuzaji ambaye mara nyingi si mpigaji, na chombo kitakuwa njiani kwa majuma kadhaa kabla hajakitia mkononi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unazipanga taishokoto kwa kigezo kimoja kikuu, nacho ni uwezekano wa kuipiga ala hiyo katika wiki ileile iliyofika, bila kumtafuta fundi ambaye huenda mjini kwenu hayupo.

Tuanze na majina, kwa kuwa asiyeyajua hawezi hata kutafuta. Ala hii ilibuniwa na mwanamuziki Morita Gorō mjini Nagoya mwaka 1912, mwaka ambao Japani iliingia katika enzi ya Taishō, na ndiyo maana ikaitwa koto ya Taishō. Inasimuliwa kwamba wazo la vitufe alilipata kwa kuitazama mashine ya taipureta. Wajapani wenyewe hutamka taishōgoto, lakini katika pwani ya Afrika Mashariki neno lilibaki na k yake, taishokoto. Katika biashara ya nje iliuzwa kwa jina la Nagoya Harp. India na Pakistani ilizaa bulbul tarang, ambayo watu wengi huko huiita banjo tu. Na Klaus Dinger wa kundi la Neu! la Ujerumani aliandikwa kwenye albamu yao ya kwanza ya mwaka 1972 kuwa mpigaji wa banjo ya Kijapani. Ukitafuta kwa jina moja utaona robo ya soko. Yatumie yote, na katika tovuti za Kijapani nakili maandishi yao yenyewe, 大正琴, maana wauzaji wengi wa huko hawaandiki kitu kingine. Jihadhari pia usije ukanunua koto yenyewe, ile ndefu inayokaribia mita mbili, yenye nyuzi 13 na isiyo na kitufe hata kimoja.

Msomaji wa Mombasa au Lamu hahitaji kuelezwa sauti yake. Katika nyimbo za Zuhura Swaleh na kikundi chake, taishokoto ya Mohamed Adio iliyotiwa umeme ndiyo inayofungua mlango kabla mwimbaji hajatamka neno, ikikata kwa ukali juu ya ngoma za chakacha, na hakuna kinanda kilichoweza kuiiga. Ukali huo hautokani na umeme peke yake. Nyuzi kadhaa za chuma hutiwa sauti moja na kupigwa pamoja kwa risha, na kwa kuwa hazilingani kabisa kabisa, sauti hutetemeka kidogo, kama ya watu watatu wanaoimba neno moja. Mkono wa kushoto hubonyeza vitufe, navyo hushusha vipande vya chuma vinavyoukandamiza uzi kwenye freti, kijiti kinachokata ubao chini yake. Katika ala nyingi vitufe hupangwa safu mbili kama vya piano, huchukua kitu kama oktava mbili na ushei, na huwa na namba, ili mtu asome melodi kwa tarakimu badala ya noti.

Hapo pana jambo ambalo mnunuzi wa taarabu alipime kabla ya kutoa fedha. Freti za taishokoto zimefungwa katika hatua 12 za oktava. Zile robo za sauti ambazo mpiga udi au fidla huzipata kwa kusogeza kidole katika maqamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rast au Bayati, hapa hazipo, na hakuna bei itakayozileta. Kwa nyimbo za chakacha na kwa melodi nyingi za harusini hilo halina madhara. Lakini kama nia yako ni kujibizana na udi katika nyimbo za mtindo wa Kiarabu, fedha hizo zitunze ununue udi.

Sasa nieleze kwa nini nimeviweka vitufe mbele ya mambo mengine yote. Taishokoto yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Juu ya ubao wake palichorwa korongo wawili na tawi la msonobari kwa rangi ya dhahabu, vanishi yake ilikuwa nyeusi ing'aayo kama sufuria mpya, na picha zilikuwa nane. Ilipofika niliilaza mezani, nikabonyeza kitufe kimoja kimoja kutoka kushoto kwenda kulia. Cha nne kilishuka kisipande tena. Cha tisa kilipanda polepole, kama mtu anayeinuka kitandani na homa. Cha kumi na moja kilipanda vizuri, lakini kipande chake cha chuma kilikuwa kimepinda, hivyo kilibana nyuzi mbili na kuiacha ya tatu ikilia kivyake. Nilipofungua kifuniko nikakuta springi zimeliwa na kutu, na vumbi la miaka mingi limeshikamana na mafuta ambayo mtu aliyatia akidhani anasaidia. Muuzaji, ambaye hana haja ya kutajwa, alikuwa ameandika kwamba ala iko katika hali nzuri, na kwa mtu wa kuitundika ukutani hakusema uongo.

Tangu hapo sinunui kabla sijaomba video ya dakika moja. Namwomba muuzaji abonyeze vitufe vyote kwa mstari, polepole, bila kupiga nyuzi, nione vinavyopanda. Kisha arudie akipiga uzi kila hatua, nisikie kama sauti inatoka safi au inakwaruza. Kukwaruza mahali pamoja tu huwa ni freti iliyolika au kipande kilichopinda, jambo ambalo mtu mwenye koleo na subira hulimudu. Kukwaruza kote kote kwa kawaida humaanisha ubao umepinda au daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi, limeshuka, na hapo napita. Naomba pia picha ya mgongo wa ala, kuangalia ufa na vitundu vya mbao iliyobunguliwa, na picha ya vigingi vya kukazia nyuzi kutoka ubavuni. Muuzaji asiyetaka kupiga video ana haki yake; nami nina haki ya kununua kwingine.

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza naipa taishokoto ya Kijapani iliyotumika, yenye umeme, ya miaka ya mwisho ya enzi ya Shōwa, yaani ya miaka ya 1970 na 1980. Katika kipindi hicho ala hii ilienea Japani kama burudani ya watu wazima, hasa wastaafu, waliokuwa wakijifunza kwa vikundi, na viwanda kama Suzuki vilitengeneza nyingi kwa ubora usiopishana sana. Wengi wa wale wapigaji wamezeeka au wamefariki, na ala zao zimekaa kabatini ndani ya mikoba yake, pamoja na risha, ufunguo wa kutyuni na kitabu cha nyimbo. Familia huziuza kwa bei ndogo mno, kiasi kwamba mara nyingi gharama ya kuisafirisha ala huizidi bei ya ala yenyewe. Vitufe vya wakati huo ni vya plastiki nzuri, springi zake zinapatikana katika ala nyingine mbovu ya aina hiyohiyo, na tundu la waya limekwisha kuwekwa ubavuni. Kasoro yake ya kawaida ni tundu hilo kuoza kwa ndani likakatakata sauti, na fundi yeyote wa redio hulibadilisha akiwa amesimama.

Nafasi ya pili ni ya ndugu yake wa umri uleule asiye na umeme. Mbao, vitufe na nyuzi ni zilezile, na wakati mwingine mwili wake huvuma vizuri zaidi kwa kuwa haukutobolewa. Tofauti ni kwamba utalazimika kumbandikia kinasa sauti kidogo cha kugusana na ubao, kile wanachokitumia wapiga gitaa kavu. Kibandike kwa gundi laini karibu na daraja, usikibandike chini ya vitufe, la sivyo spika zitatangaza kila mgongano wa plastiki na ubao, na ukumbi mzima utadhani karani anaandika barua. Kwa anayepiga nyumbani au msondoni bila spika, hii ya pili naiona bora kuliko ya kwanza.

Nafasi ya tatu ni taishokoto mpya kutoka kiwandani. Suzuki bado wanatengeneza, na wana hata za sauti nene zinazopigwa kama besi katika vikundi. Hutapata kutu wala mbao iliyobunguliwa, na kila kitufe kitapanda. Nimeishusha hadi hapa kwa sababu ya bei, na kwa sababu moja ya sikio: mpya huwa safi mno. Ule ukwaruzo mdogo wa ala iliyopigwa miaka 40, ambao ndio uliokaa katika kanda za zamani za pwani, huwezi kuuagiza. Hata hivyo kama unanunua kwa ajili ya shule au kikundi cha watu 10 wanaohitaji ala zinazofanana, nafasi hii ya tatu igeuke ya kwanza bila kusita.

Ya nne ni bulbul tarang. Ni rahisi kuipata kuliko zote, kwa kuwa hutengenezwa India na Pakistani na huuzwa na wauzaji wa ala za Kihindi karibu kila nchi wanakoishi Wahindi. Ina kundi la nyuzi za melodi chini ya vitufe na kundi lingine la nyuzi za mvumo ambazo hazibonyezwi, na mtu anayependa mvumo chini ya melodi atafurahi nayo. Tatizo ni kutolingana: mbili zilizotoka mezani kwa seremala mmoja wiki moja zinaweza kupishana kabisa, moja ikawa tamu na nyingine freti zake zikawa nje ya sauti tangu siku ya kuzaliwa. Freti iliyokaa mahali pasipo pake haitengenezwi kwa kukaza uzi. Nunua hii ukiwa umesimama mbele yake, na uende na simu yenye programu ya kutyuni, upime kila kitufe. Kama muuzaji anaudhika, basi.

Jamaa yake mkubwa, benju ya Wabalochi, watu wa Pakistani na Irani, siipangi. Hiyo ina urefu unaokaribia mita moja, imekomaa kuwa ala ya kujitegemea katika muziki wa Makran na Karachi, na mikononi mwa bingwa kama Bilawal Belgium ilifanya mambo ambayo Morita hakuyawaza. Anayeitaka benju anajua anachokitaka.

Ya mwisho, tena kwa mbali, ni taishokoto ya kale ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Najua hii itawaudhi wapenda vitu vya kale. Ni nzuri kuitazama, historia imo ndani yake, na za mwanzo kabisa zilikuwa na nyuzi 2 tu. Lakini gundi yake imechoka, mbao imekauka katika baridi kavu za miaka 80 au zaidi, na ukiileta kwenye unyevu wa pwani itaanza kufunguka viungo kabla hujajifunza wimbo wa pili. Inunue ukiwa na kabati la kioo.

Pamebaki mambo mawili ya njiani. La kwanza ni umeme. Taishokoto nyingi za kuchomeka hazihitaji umeme wa ukutani, kwani waya unakwenda moja kwa moja kwenye amplifaya; lakini zipo zenye spika ya ndani zinazokuja na adapta yake. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Tanzania ni 230, na wa Kenya ni 240. Adapta ya Kijapani iliyoandikwa volti 100 peke yake ukiichomeka Kariakoo utasikia harufu kabla ya sauti. Tafuta adapta ya hapa yenye volti na ncha zinazolingana na zilizoandikwa kwenye ala, au tumia betri kama ina sehemu yake.

La pili ni nyuzi. Mwombe muuzaji azilegeze nusu kabla ya kufunga mzigo, wala asizitoe zote, maana zikitoka zote daraja huanguka na alama ya mahali pake hupotea. Mzigo ukifika, uache siku nzima ndani ya chumba kabla ya kukaza chochote, ili mbao izoee hewa. Kisha kaza uzi mmoja mmoja kwa zamu, kidogo kidogo, ukizunguka wote badala ya kumaliza mmoja. Kwa desturi ya Kijapani nyuzi za melodi hutiwa sauti ya G, mmoja wao ukiwa oktava moja chini. Lakini kama mwimbaji wako ana sauti nzito, anza kwa F na uone vitufe vinavyoitikia, kwani uzi uliolegea kidogo hubonyezeka kwa wepesi zaidi. Uzi ukikatika katika zoezi hilo, usihangaike kuagiza wa Nagoya: nenda kwa muuza gitaa, mwonyeshe kile kipande, umwombe uzi mtupu wa chuma wa unene huohuo, na ukifika nyumbani ukunje kitanzi cha mwisho wake kwa koleo kabla ya kuupitisha chini ya vitufe.