Kozi ya onlaini ya ufeministi Ulaya Mashariki: nyota nne, ila Asia ya Kati wameionea

Wadau, hii kozi nimeimaliza na naipa nne kati ya tano. Wengi tukisikia ufeministi wa nchi zilizokuwa za kikomunisti tunadhani uliletwa na wafadhili wa Magharibi baada ya ukomunisti kuanguka 1989, sasa huyu mwalimu hiyo stori haikubali kabisa na ushahidi anao. Anaanza na Zhenotdel, idara ya wanawake ya chama cha Kikomunisti kule Urusi, ilianzishwa 1919 ikafungwa 1930 eti suala la wanawake limeshaisha. Halafu utoaji mimba, 1920 ruksa, 1936 marufuku, 1955 ruksa tena, yaani serikali inaamua tu mwanamke haulizwi. Romania ndo iliniumiza zaidi, amri namba 770 ya 1966 ilibana utoaji mimba mpaka dikteta Ceaușescu anaanguka Desemba 1989 na maelfu ya wanawake walikufa kwa kutoa mimba kienyeji, kwa hiyo huko uhuru ulivyokuja sheria ikafunguka, ila Poland ikawa kinyume, demokrasia imeingia na 1993 wakabana.

Miaka ya tisini ndo utamu wenyewe. Jiřina Šiklová wa Prague, mwanasosholojia aliyewahi kufungwa na wakomunisti kwa kupitisha maandiko yaliyokatazwa, 1991 anaanzisha kituo cha masomo ya jinsia, maktaba iko kwenye fleti yake! Mwaka huohuo wanawake wanakutana Dubna, Urusi, wanasema demokrasia bila wanawake sio demokrasia. Belgrade nao 1992 wanafungua kituo cha masomo ya wanawake huku vita vya Yugoslavia vinaendelea. Na mwalimu haishii kutaja majina, anaonyesha kwamba taaluma hii kwa sehemu kubwa ilikulia nje ya vyuo, kwa kujitolea na misaada, kwa hiyo hata ilipoingia chuoni haikuwa na wa kuilinda. Hungary 2018 serikali iliifuta tu masta ya jinsia kwenye orodha ya kozi zinazotambuliwa, basi. Hiyo video irudieni.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya Asia ya Kati. Uzbekistan, iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, imepewa dakika chache mno, wakati kampeni ya hujum ya 1927 ya kuvua hijabu kwa shinikizo la chama, ambapo wanawake wengi waliovua waliuawa na watu wa kwao wenyewe, ni mada ya kozi nzima, na kwa sisi wenye jamii za Kiislamu hilo swali la nani anamkomboa nani linatugusa moja kwa moja. Kyrgyzstan na Kazakhstan ndo kabisa, zimetajwa kwa kupita.

Maswali ya mwisho nayo ni ya kukariri miaka, hayapimi kitu. Sauti safi, video zinapakuliwa, maandishi ya chini yanasomeka vizuri. Kama unaandika tasnifu ya jinsia chukua hii, ila ya Asia ya Kati tafuta kwa wasomi wa hukohuko.