Nilichekwa, ndipo nikanunua amplifaya

Nianze na kile kicheko, maana bado kinaniwasha. Niliingia duka moja la redio za magari pale Luthuli, Nairobi, na swali dogo tu: spika za milango mlizonifungia juzi hazina besi hata chembe, je, gari inataka amplifaya (amp, kile kifaa cha kukuza sauti) au kuna kitu hakiko sawa? Kijana akamtazama mwenzake, wakaangua kicheko. "Madam, bila amp hiyo ni redio ya jikoni. Kwani wewe si kupeleka watoto shule tu?" Badala ya kutoka, mimi huyo nikahesabu elfu kumi na mbili.

Nikasema lakini redio imeandikwa wati 50 mara nne, yaani 50 kwa kila spika. Akasema hizo ni za karatasi. Hapo hakudanganya, redio ya kawaida ya gari hutoa wati 15 hadi 20 hivi kwa kila spika. Alichonyamazia ni kwamba spika za milango za kawaida hutosheka na hizo hizo.

Amp ikafungwa chini ya kiti. Besi? Wapi! Nilipata kelele kubwa zaidi isiyo na besi, na juu yake mluzi: nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachilia unashuka. Hadi nafika Roysambu nilikuwa kama nimefuga mbu kwenye dashibodi. Kupiga simu, naambiwa, "Hiyo ni gari yako, madam." Gari yangu!

Mzee fundi wa mtaani kwetu (simtaji, asije akapandisha bei) hakuuliza habari za wati. Alitoa vifuniko vya milango, akachomoa waya za spika kwenye amp, akazigusisha betri ya saa ya ukutani. Spika ya dereva ikaruka nje. Ya abiria ikanywea ndani. Akarudia mara tatu ili nione vizuri. "Mama, hizi zinashindana. Moja inasukuma hewa, nyingine inaivuta, besi itatoka wapi?" Chanya na hasi zilikuwa zimepishana upande mmoja! Akazigeuza, besi ikanigonga mgongoni. Mia tano.

Mluzi nao ulikuwa wa waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, umefungwa juu ya rangi badala ya chuma. Akakwaruza, ukaisha. Kisha akafungua boneti, akanyamaza. Waya wa amp ulitoka betrini moja kwa moja, bila fyuzi. Ungechubuka na kugusa bodi, gari ingeshika moto, na watoto wangu hukaa humo kila asubuhi. Hapo nilitaka kurudi mjini usiku ule ule.

Kwa hiyo amp haikuhitajika. Niliichomoa, nikaitangazia bei. Kwenye jam redio peke yake ilitosha kabisa, hata wimbo wa taarabu ulisikika hadi kinanda. Halafu siku moja Thika Road, vioo chini, malori kushoto na kulia, nikapandisha sauti, spika zikaanza kukwaruza kama bati. Nikafika nyumbani nikaifunga tena amp, fyuzi ikiwepo.

Basi sijui nisemeje. Ukiendesha polepole na vioo juu, usinunue. Ukitaka sabufa, ile spika kubwa ya besi, hilo halina mjadala, nunua. Amp yenyewe naipa nyota nne. Duka halipati hata moja, na Jumamosi napita Luthuli nimeteremsha vioo vyote.