Simba Baada ya Kupasuliwa Mgongo: Tathmini ya Huduma ya Tiba ya Viungo Niliyoitumia Nairobi

Kwa wiki kumi na mbili nimekuwa mteja wa kituo cha tiba ya viungo kwa wanyama kilicho upande wa Karen, ambacho hutoa huduma za aina mbili: mtaalamu kuja nyumbani kwako, na mbwa kupelekwa kituoni kutembezwa ndani ya tangi la maji. Jina la kituo sitaliandika, kwa sababu nina malalamiko nitakayoyaeleza na sipendi mambo yangu na wao yageuke ugomvi wa hadharani. Uamuzi wangu nautoa mapema kwa ajili ya msomaji ambaye mbwa wake yuko hospitali wakati huu na hana nafasi ya kusoma yote: ziara za nyumbani ningezilipia tena hata kesho, ila tangi ningelilipia nusu tu ya nilichotoa.

Mgonjwa mwenyewe ni Simba, dachshund wa miaka 6, yule mbwa mrefu wa mgongo na mfupi wa miguu ambaye watoto wa mtaa wetu wa Lang'ata humwita mbwa wa soseji. (Jina alipewa na wanangu kabla hawajajua kimo chake kitaishia wapi.) Mbwa wa aina hii huzaliwa na hitilafu ya gegedu ambayo, licha ya kuwafupisha miguu, huzikausha mapema zile diski laini zinazokaa katikati ya pingili za uti wa mgongo, hadi siku moja diski hupasuka na kiini chake kikaubana mshipa mkuu wa fahamu unaopita hapo ndani. Mwishoni mwa Aprili tulimkuta asubuhi akijivuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma ikiburutwa kama kitambaa. Daktari alimbana kidole cha nyuma kwa koleo, Simba akageuka na kulia, na daktari akashusha pumzi, kwa kuwa mbwa ambaye bado anasikia maumivu ya ndani ya kidole ana uwezekano mkubwa wa kutembea tena akifanyiwa upasuaji, takriban tisa kati ya kumi, ilhali kwa aliyepoteza hisia hiyo uwezekano hushuka hadi karibu nusu. Alipasuliwa jioni ile ile. Jirani yangu aliposikia gharama alisema hiyo ni karo ya muhula mzima, wala hakukosea.

Upasuaji ulikwenda vizuri, na kilichotushinda ni yaliyofuata. Siku ya tatu tuliruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi moja iliyosema kwamba mbwa akae kizimbani wiki sita, ameze dawa hizi na hizi, na arudi kutolewa nyuzi. Nilipouliza kuhusu haja ndogo niliambiwa kwamba atakojoa mwenyewe. Na kweli, kwa siku mbili mfululizo blanketi lililowa, nasi tukafurahi na kulifua tukidhani kibofu kimeamka.

Mtaalamu alifika siku ya tatu ya kukaa kwetu nyumbani, akapanda ngazi za ghorofa ya tatu akiwa na mkoba mdogo tu. Hakumgusa Simba mara moja. Alivua viatu, akakaa sakafuni karibu na kizimba, akamwacha mbwa amnuse mikono, na wakati huo macho yake yalikuwa yakizunguka chumba kizima: vigae vinavyoteleza, ngazi moja ya kuingilia jikoni, kochi. Kisha akaliinua blanketi, akalinusa, akauliza, "Mama, mara ya mwisho huyu kukamuliwa ilikuwa lini?" Nikamjibu kwamba hajakamuliwa hata mara moja, anakojoa mwenyewe. Akanishika mkono, akakiweka kiganja changu chini ya tumbo la Simba, mbele kidogo ya mapaja. Nilisikia kitu kigumu, cha mviringo, kikubwa kuliko chungwa. Kibofu kilikuwa kimejaa hadi kinafurika, na yale tuliyokuwa tukiyafua yalikuwa matone ya mafuriko. Kibofu kinachoachwa hivyo hutanuka hadi misuli yake ikalegea, na mkojo unaolala humo huzaa maambukizi, ambayo ni ya kawaida sana kwa mbwa waliopooza kwa sababu ya mgongo.

Akatufundisha pale pale, mimi pamoja na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Mbwa husimamishwa, kiganja kimoja kila upande wa tumbo, vidole vimenyooka, kisha unakandamiza polepole na kwa nguvu ile ile bila kuachia, ukielekeza mkandamizo nyuma kuelekea mkiani. Mimi nilikuwa nafinya kwa ncha za vidole, na Simba akawa anakaza tumbo. "Usimfinye, Mama. Msikilize kwanza kwa kiganja," akaniambia. Dada alifanikiwa kwa jaribio la pili, mkojo ukatoka kwa mchirizi mrefu ndani ya sufuria kuukuu, nasi watatu tukashangilia kama watu waliofunga bao. Ratiba ikawa mara nne kwa siku, ya mwisho saa tano usiku, na sampuli ya mkojo ikapelekwa maabara siku hiyo hiyo. Ilikuwa na maambukizi. Kwa ziara hiyo moja ya saa moja na nusu nililipa shilingi 4,000, na kama kituo kingekuwa hakitoi huduma nyingine yoyote bado ningekiandikia sifa.

Jambo la pili nililolipenda ni kwamba mtaalamu hakuja kuuza vitu. Nilikuwa nimeulizia mikanda ya kumwinulia mbwa nyuma iliyoagizwa kutoka nje, nikatajiwa shilingi 6,500. Yeye aliomba leso, akaikunja mara tatu kwa urefu, akaipitisha chini ya tumbo la Simba na kuzishika ncha mbili juu kama anayebeba kikapu, huku mgongo ukibaki umenyooka. Kizimba nilitengenezewa na fundi wa jua kali pembeni mwa Ngong Road kwa vipimo alivyoviandika yeye: mbwa aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha, lakini asipate nafasi ya kuruka. Alikata manyoya yaliyoota katikati ya nyayo kwa kuwa huteleza kwenye vigae, na akatuagiza tutandike mazulia ya mpira kutoka kizimbani hadi mlangoni. Kola ya shingo aliipiga marufuku kabisa na badala yake tukatumia mikanda ya kifuani.

Mazoezi yenyewe hayana mbwembwe. Unamlaza ubavu, unakunja na kukunjua kila kiungo cha mguu wa nyuma taratibu mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, kisha unamsimamisha kwa sekunde chache akiwa ameegemea goti lako. Zoezi nililokuja kulipenda ni la kugeuza wayo: unaupindua ili mgongo wa wayo uguse sakafu, halafu unasubiri. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Simba katika wiki ya pili aliuacha umepinduka kana kwamba si wake, akawa anasaga kucha kwa upande wa juu anapoburuta mguu. Katika wiki ya tano, siku ya Jumapili, nilihesabu hadi nne, wayo ukajirudisha. Nikaupindua tena kuhakikisha.

Nigusie dawa, kwa kuwa hapa watu wengi hukimbilia duka la dawa la karibu. Simba alipewa gabapentini kwa maumivu ya neva, na mtaalamu alisisitiza tusinunue ya maji iliyotengenezewa binadamu bila kusoma chupa, kwa sababu baadhi huwekwa zailitoli, sukari ambayo ni sumu kwa mbwa. Alisisitiza vilevile tusimwongezee dawa yoyote ya maumivu kutoka kabati letu, kwani ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake.

Sasa tangi. Ni sanduku la kioo lenye mkanda unaozunguka chini, mfano wa mashine za kukimbilia zilizo jimu, na maji ya uvuguvugu hujazwa mbwa akiwa ndani. Maana yake ni nzuri: maji yakifika usawa wa nyonga, miguu hubeba takriban asilimia 38 tu ya uzito wa mwili, kwa hiyo mguu usioweza kuhimili mbwa mkavu unaweza kujifunza hatua ndani ya maji. Tulianza baada ya kidonda kufunga na nyuzi kutolewa, kwa dakika tano zenye mapumziko, na kuona miguu ile ikitupa hatua kunanitosha kukiri kwamba kifaa chenyewe hakina ubaya.

Ubaya uko kwenye uendeshaji. Vipindi huuzwa kwa kifurushi cha kumi, shilingi 35,000 zinazolipwa mwanzoni kwa M-Pesa, na ukikosa kimoja bila kuarifu saa 24 kabla kimepotea. Mara tatu tulifika kwa wakati, baada ya kupambana na msongamano wa Lang'ata Road, tukasubiri zaidi ya dakika arobaini huku Simba akitetemeka ndani ya kizimba. Mapema Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imetulalia, umeme ulikuwa umepotea asubuhi na maji hayakuwa yamepashwa. Mhudumu alipendekeza tuendelee tu kwa kifupi. Nilikataa, kwani misuli ya mbwa mgonjwa hukaza ndani ya maji baridi, na kile kipindi kikahesabiwa kuwa kimetumika. Nimeandika barua pepe mbili na sijajibiwa. Kadhalika kila ziara mapokezi walinishauri niongeze tiba ya mwanga wa leza kana kwamba bila hiyo mbwa hatatembea, ilhali tafiti kuhusu leza kwa upasuaji wa aina hii zinapingana. Sikununua.

Na lipo jambo ambalo kituo hakikuniambia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State uliochapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha mbwa waliopasuliwa diski kama Simba, ambao hisia za maumivu walikuwa nazo, wengine wakipewa mazoezi ya kawaida na wengine mazoezi mazito kwa siku 14. Mazoezi mazito hayakuonekana kuharakisha kupona. Hilo halinifanyi nijute, lakini lingenifanya ninunue kifurushi cha vipindi vitano na pesa zinazobaki niziweke kwenye ziara mbili zaidi za nyumbani, hasa ile ya wiki ya sita mbwa anapotoka kizimbani na kila mtu nyumbani kutaka kumwona akikimbia.

Simba sasa anatembea. Nyuma huyumba kama mlevi anayejaribu kuficha, na akigeuka kwa haraka hukaa chini bila kutaka, lakini anakojoa mwenyewe, tena kwenye kona ile ile ya ukuta wa uani aliyokuwa akiipenda zamani. Kochi tumelizungushia viti. Vipindi viwili vya tangi bado vimo kwenye kifurushi changu, vitatu wakikubali kunirudishia kile cha Julai, na nitavitumia baridi ikishapungua.