Bastola na risasi za kichwa tundu: ipi inazimeza bila kukwama

Bastola ikikwama kwa risasi za kichwa tundu, yaani zenye shimo puani ili zitanuke zinapogonga, lawama zote huishia kwa risasi. Mara nyingi si haki. Risasi hiyo ni fupi kidogo kuliko ya kawaida, na mahali pa ncha ya mviringo ina mdomo mpana. Kwa hiyo inaanika udhaifu ambao risasi ya kawaida iliyofunikwa shaba huupita kwa kuteleza tu: magazini (kisanduku cha risasi ndani ya mpini) iliyochoka, rampu (mteremko unaoipandisha risasi kuelekea mtutu) iliyokwaruzika, kucha ya kuvuta ganda iliyokaza mno. Ndiyo maana hapa hatupimi bastola peke yake wala risasi peke yake. Tunapima vitatu kwa pamoja, bastola, magazini na risasi. Ukibadilisha kimoja, majaribio yanaanza upya.

Tuanze na vipimo, maana ndivyo vinavyoeleza karibu kila kitu. Risasi ya 9x19, yaani ya milimita 9 yenye ganda la milimita 19, inaruhusiwa kufika urefu wa milimita 29.69 kutoka kitako hadi ncha. Za kichwa tundu kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa kati ya 28 na 28.7. Kwa .45 ACP, aina nyingine ya risasi iliyo nene zaidi, kikomo ni milimita 32.39, na za tundu nyingi hukaa karibu na 31 au chini yake. Pengo hilo dogo linatosha kuifanya risasi ikutane na rampu sehemu ya chini zaidi, na ukingo wa mdomo wake ukigusa chuma chenye mikwaruzo unang'ang'ania hapo. Ncha ya mviringo ingepanda tu na kuingia chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi.

Bastola nyingi za zamani hazikuwahi kufikiriwa kwa risasi za aina hii. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza risasi zinazotanuka katika vita baina ya nchi zilizolikubali, na wabunifu waliouza kwa majeshi walichora rampu na magazini kwa kufuata risasi ya kijeshi isiyo na tundu. Luger P08, M1911 na Browning Hi-Power ya 1935 zote zimetoka katika fikra hiyo. Polisi na raia ndio walioanza kudai kitu kingine. Siku hizi hata jeshi la Marekani limeingia humo: bastola ya M17 iliyochaguliwa mwaka 2017 ina risasi yake ya kichwa tundu, M1153, yenye kichwa cha greini 147, yaani gramu 9.5.

Kwa upande wa kumeza risasi za kila umbo, Beretta 92 inastahili kuwekwa juu. Sababu iko kwenye ufundi wake. Mtutu hauinami wakati slaidi, chuma cha juu kinachokwenda mbele na nyuma kila risasi inapolia, inarudi nyuma. Unakwenda nyuma ukiwa umenyooka, na kabari iliyo chini yake ndiyo inayoshuka ili kuachia slaidi. Magazini nayo inaiweka risasi juu, karibu sambamba na chemba, hivyo safari ya risasi ni fupi na haina kona kali. Slaidi iko wazi juu, kwa hiyo ganda tupu halina pa kunasa. Kasoro zake ni za aina nyingine: ni nzito, karibu gramu 950 bila risasi, mpini ni mnene kwa mkono mdogo, na kabari ile huchakaa, kwa hiyo ikaguliwe kama ina nyufa.

Glock 17 na 19 zinafuata kwa karibu sana. Rampu ni pana, chemba inapokea kwa ulegevu kidogo, na magazini za kiwandani hazibahatishi. Udhaifu wake upo kwenye mkono wa mpigaji. Fremu ya plastiki ni nyepesi, na mkono uliolegea unaiacha bastola nzima irudi nyuma pamoja na slaidi. Slaidi inakosa kitu kigumu cha kusukumana nacho, haifiki mwisho wa safari yake, na ganda linabaki limesimama kwenye mlango wa kutolea maganda. Mpigaji huilaumu risasi. Kaza kiganja, urudie na risasi zilezile.

M1911 ndiyo yenye maneno mengi, na inastahili. Rampu yake ina vipande viwili: kimoja kwenye fremu, kingine kwenye mtutu. Baina ya vipande hivyo lazima kuwe na pengo dogo, kama milimita 0.8, mtutu ukiwa umeshuka na kurudi nyuma. Pengo likikosekana, ukingo wa nyuma wa mtutu unatokeza juu ya rampu ya fremu, na risasi ya tundu inagonga ukingo huo na kusimama. Juu ya hilo kuna kucha yake, ambayo ni kipande kimoja cha chuma cha springi kisicho na springi ya nje. Ikikaza kupita kiasi, kitako cha risasi hakipandi chini yake, na risasi inabana pande tatu: kwenye kucha, kwenye rampu na kwenye dari ya chemba. Slaidi inasimama ikiwa imefungika nusu. Ikilegea kupita kiasi, ganda linadondoka kabla ya kutupwa nje. M1911 ya kisasa iliyotengenezwa vizuri inameza risasi za tundu bila shida. Ya zamani ya kijeshi, ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani, usiitegemee kwa lolote zaidi ya risasi ya kichwa mviringo ya greini 230 ambayo iliundwa nayo.

Hi-Power za miaka ya awali zina nundu kwenye rampu, na nundu hiyo ndiyo inayokamata midomo mipana. Matoleo ya baadaye yaliinyoosha. Kwa hiyo kabla ya kununua Hi-Power iliyotumika, itazame rampu kwa tochi. P08 ni silaha nzuri ya kuhifadhi na kupiga shabaha kwa raha, lakini inachagua sana umbo na urefu wa risasi, na kuipa ya tundu ni kutafuta usumbufu.

Upande wa risasi, kipimo cha kwanza ni umbo la pua. Tafuta ambayo mabega yake yana mviringo na ambayo mdomo wake si mpana kupita kiasi. Hornady Critical Defense ndiyo rafiki mkubwa wa bastola zinazochagua chakula, kwa sababu tundu lake limejazwa kitu laini kama mpira na pua inabaki laini. Ujazo huo una faida ya pili, kwamba nguo haziwezi kuziba tundu na kulizuia kutanuka. Speer Gold Dot imejijengea heshima kwa kichwa ambacho utando wake wa shaba umeshikamanishwa na madini ya risasi yaliyo ndani, hivyo haviachani, na inapita vizuri katika bastola nyingi za kisasa. Federal HST inatanuka kwa uhakika mkubwa, ila mdomo wake ni mpana, kwa hiyo ijaribu kwa makini zaidi katika bastola ya zamani. Kwa .45 ACP, za greini 230 huingia kwa urahisi kuliko za greini 185, kwa kuwa kichwa kirefu kinakaribia urefu wa risasi ambayo bastola iliundwa nayo. Zenye ganda lililopakwa nikeli zinateleza vizuri zaidi na hazishiki kutu upesi. Ni nyongeza ya kweli, si urembo.

Za +P, yaani zilizotengenezwa kwa shinikizo la juu kuliko kawaida, zinahitaji neno lake. Kikomo cha shinikizo kwa 9x19 ya kawaida Marekani ni paundi 35,000 kwa inchi ya mraba, na kwa +P ni 38,500. Slaidi inarudi kwa kasi zaidi, na magazini ina muda mfupi zaidi wa kuinua risasi inayofuata. Springi ya magazini ikiwa imechoka, slaidi inapita juu ya risasi kabla haijapanda, inaikamata katikati ya mwili au inafunga juu ya chemba tupu. Watu wengi wamenunua springi nzito ya slaidi kutibu tatizo hilo. Mara nyingi wanaliongeza, kwa sababu springi nzito inairudisha slaidi mbele kwa haraka zaidi bado. Anza na springi mpya ya magazini. Ni kipande cha bei rahisi kuliko vyote kwenye bastola, na ndicho kinachoponya zaidi.

Magazini ndiyo moyo wa jambo hili. Andika namba chini ya kila moja. Bastola ikikwama, andika ni namba gani, risasi ya ngapi, na pua ya risasi ilielekea wapi. Taarifa hizo tatu zinatosha kumpeleka fundi moja kwa moja kwenye chanzo. Pua ikiwa imechimba chini kwenye rampu, shuku springi ya magazini au midomo ya magazini (kingo za juu zinazoishika risasi) iliyobanwa ikaachia risasi chini mno. Pua ikiwa imeelekea juu na kugonga dari ya chemba, shuku kucha iliyokaza au midomo inayoachia risasi kwa wakati usiofaa. Slaidi ikisimama milimita mbili au tatu kabla ya kufunga kabisa, safisha chemba kwanza, kisha kagua springi ya slaidi. Kukwama kwa risasi ya kwanza tu kwenye magazini iliyojaa kunatokana na msuguano, kwani safu nzima inaisukuma ile ya juu dhidi ya slaidi. Kukwama kwa ile ya mwisho kunaashiria springi dhaifu. Na kama matatizo yote yako kwenye magazini namba mbili, itupe namba mbili. Usimguse fundi wala bastola.

Sasa rampu. Kung'arisha ni sawa: kitambaa laini na dawa ya kung'arishia chuma, mpaka mikwaruzo ipotee, basi. Kusaga kwa mashine ya mkono ni jambo jingine kabisa. Ukibadilisha pembe ya rampu kwenye fremu, hairudi. Ukikata zaidi ukingo wa nyuma wa mtutu, kitako cha ganda kinabaki bila ukuta wa kukishikilia, na shinikizo linaweza kulipasua ganda mkononi mwako. Bastola inayohitaji kusagwa ili imeze risasi fulani inahitaji risasi nyingine.

Kuna hatari moja ambayo wenye silaha wengi hawaipi uzito. Kila asubuhi mtu anakoki, kila jioni anatoa risasi, na kesho anairudisha ileile. Kila safari kichwa kinagonga rampu na kuzama kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda wakati wa kufyatua, na .40 S&W ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuwa na uvumilivu mdogo wa jambo hilo. Pima urefu wa risasi kwa kalipa kabla ya kuiweka chemba na baada ya kuitoa. Ukiona imefupika kwa robo milimita, usiipige tena. Asiye na kalipa aisimamishe mezani kando ya mpya kutoka boksi moja na kulinganisha kwa jicho, akiziweka mbali na bastola. Fataki, kidonge cha kuwashia baruti kilicho kitakoni mwa ganda, nayo huteseka: kukokiwa mara nyingi kunaweza kuvunja unga wake, na siku ya haja risasi isilie.

Majaribio yenyewe yafanyike uwanja wa shabaha, bastola ikiwa imesafishwa na kupakwa mafuta kidogo kwenye reli za slaidi na nje ya mtutu. Bastola mpya ipigwe kwanza risasi mia kadhaa za kawaida ili vyuma vizoeane. Kisha chukua risasi ileile utakayobeba, aina ileile na uzito uleule, upige 200 bila tatizo hata moja, ukizigawa kwenye magazini zote. Ni gharama, na watu huikwepa kwa kupiga boksi moja la risasi 20. Boksi moja linaonyesha tu kwamba bastola si mbovu kabisa. Ndani ya hizo 200, changanya: magazini iliyojaa ikiwa na risasi nyingine tayari chembani, mkono mmoja wa kulia, mkono mmoja wa kushoto, na kufunga slaidi kutoka nyuma kabisa. Ikikwama moja, tafuta sababu, rekebisha, kisha hesabu ianze sifuri.

Kukoki polepole kwa kuisindikiza slaidi na mkono si jaribio. Slaidi inakosa kasi yake, na hata bastola nzuri itakwama. Ukitaka kukagua nyumbani, tumia risasi za bandia zisizo na baruti wala fataki, zile za mazoezi, zenye umbo la pua linalofanana na la risasi yako. Risasi halisi zikae chumba kingine, na chemba ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole kabla ya kuanza.

Bastola ndogo za mfukoni za .380, risasi fupi na dhaifu kuliko 9x19, ziko katika kundi lao. Slaidi yao ina safari fupi, springi ni ngumu, na kila kosa dogo linaonekana. Hata zikimeza vizuri, kichwa tundu chepesi kutoka mtutu mfupi mara nyingi hutanuka na kuishia karibu, au hakitanuki kabisa. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wanataka risasi ipenye kati ya inchi 12 na 18 za jeli ya majaribio, yaani karibu sentimita 30 hadi 46, na .380 nyingi za tundu zinapata tabu kufika hapo. Kwa bastola hizo, kuchagua risasi ya kichwa mviringo ni uamuzi wa akili.

Kabla ya yote hayo, soma sheria ya mahali ulipo. Nchi kadhaa zinawazuia raia kumiliki risasi zinazotanuka, hata kama leseni ya bastola wanayo. Na zilizobebwa mwaka mzima, zilizopata jasho na joto na kukokiwa mara kwa mara, zipige uwanjani mwisho wa mwaka na ufungue boksi jipya la toleo ambalo baadhi ya risasi zake umeshazijaribu kwenye kila magazini.